Tanbihi Niliyoifuta

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi nilifika hadi getini, nikageuka, nikarudi kuhakikisha kwamba mlango nimeufunga. Nilikuwa nimeufunga. Mlinzi alinitazama nikitikisa kitasa, akaniambia kwa upole, "Madam, sasa hiyo ni shida ya wengine." Maskini, hanijui. Mimi wasiwasi nimezaliwa nao, na sidhani kama barua ya kustaafu imeutaja.

Ninyi mliobaki Idara ya Historia, ambao mko watatu pamoja na yule wa muda, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi. Mshahara mnaujua kwa sababu ni huohuo. Nitawaandikia siku za kwanza, vifaa vyetu, Mzee Katuramu aliyenifundisha kazi, na kosa langu moja ambalo wengi wenu mnalijua nusu. Mmoja wenu analijua lote, naye itabidi anivumilie.

Nilizaliwa Kikagate, mpakani, nikasomea ng'ambo ya mto kwa shangazi yangu, upande wa Tanzania. Ndiyo maana Kiswahili changu huwachekesha watu wa hapa Mbarara, wanasema nazungumza kama redio. Nilipoajiriwa, chuo kilikuwa na majengo mawili na darasa la tatu chini ya mti, ambalo siku za mvua lilihamia kwenye bwalo la chakula. Asubuhi ile ya kwanza nilitapika nyuma ya jiko, nikasukutua, nikaingia darasani. Walikuwepo wanafunzi watano wa shahada ya historia. Nikamwuliza kila mmoja kwa nini ameichagua. Wanne walisema kozi nyingine zilikuwa zimejaa. Wa tano alisema anaipenda tangu utotoni, nami nikafurahi hadi wakati wa mapumziko, alipokuja kuomba radhi na kuuliza darasa la biashara liko wapi.

Wakabaki wanne, na hofu ya kufungwa kwa idara ikaanza siku hiyohiyo. Haikuniacha tena. Kila mwaka wakuu wa chuo waliuliza kama kuna haja ya kuwa na historia, na kila mwaka alikuja mzazi mmoja, mara nyingi amevaa koti lake zuri, kuniuliza mwanawe akimaliza kusoma habari za watu waliokufa atakula nini. Jibu nilikuwa nalo, refu, la kupendeza, na sikuliamini. Namshukuru Mungu kwamba wengi walipata kazi. Mmoja sasa ni polisi, na huniambia kwamba somo la kupima ushahidi linamfaa sana, ingawa sina hakika analitumia.

Mzee Katuramu alikuwa mkuu wa idara, yaani mkuu wangu mimi, maana tulikuwa wawili. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za haraka, na chaki aliifungia kabatini kama dawa ya sumu. Kinasa sauti cha idara kilikuwa kimoja, kizito, cha kaseti. Hakikutoka mlangoni kabla yeye hajahesabu mbele yake kwa Kinyankore, emwe, ibiri, ishatu, hadi kumi, kisha akasikiliza zote kumi. Nikimwambia gari linatungoja, alianza upya. Kusifu hakukuwa desturi yake. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja aliniambia "si mbaya" mara mbili, na mara moja nadhani alikuwa anazungumzia chai.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ilimlazimu kuandika tasnifu kutokana na masimulizi ya watu aliowasikiliza mwenyewe. Mimi nikachagua kuwapeleka Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa sababu haikuwa mbali na kwa sababu nilikuwa kijana mwenye moto. Safari ya kwanza tulikwenda wanne, mimi na wanafunzi watatu. Nikasimama mbele ya watu kanisani, nikatangaza kwa Kiswahili changu cha redio kwamba tumekuja kufanya intavyuu.

Kesho yake wakaja. Walikuja wamevaa nguo za Jumapili, wengine na karatasi zao ndani ya mifuko ya nailoni, wakapanga mstari. Kila mmoja aliketi, akataja jina lake, mwaka wa kuzaliwa, siku aliyotoka kwao, siku aliyovuka mpaka, kisha akamalizia kwa kueleza kwa nini hawezi kurudi. Tuliwarekodi watu kumi na mmoja. Nilirudi Mbarara nimejaa furaha, nikijiambia, watu gani hawa, wanashika tarehe kuliko vitabu!

Mzee Katuramu alisikiliza kaseti tatu, akazima.

"Uliwaambia mmekwenda kufanya nini?"

"Intavyuu, Mzee."

Akashika kichwa. Akanieleza jambo ambalo mtoto yeyote wa Nakivale angeweza kunieleza. Kule neno hilo lina maana moja tu. Ni kuketi mbele ya ofisa anayeamua kama wewe ni mkimbizi wa kweli, au kama utachukuliwa kwenda nchi ya mbali kuanza maisha. Simulizi unalolitoa siku hiyo lazima lifanane na ulilolitoa mara ya kwanza. Ukikosea mwezi, jalada lako linaweza kukwama. Watu wale hawakutuambia maisha yao, walitusomea majalada yao, wakitetemeka.

Tukarudi wiki iliyofuata kuomba radhi. Wengi walicheka. Mzee mmoja Mrundi hakucheka. "Niliazima koti, Madamu," aliniambia. "Koti ya watu. Nikajua sasa ndiyo siku yangu." Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo idara ikawa na kanuni zake, na ninyi mnazifuata bila kujua zilikotoka. Neno intavyuu ni mwiko. Tunasema tumekuja kusikiliza. Kalamu haitoki mfukoni mpaka tumeulizana habari za shamba na bei ya mihogo. Na hakuna simulizi linalochapwa kabla msimulizi hajasomewa maneno yake, kwa lugha aliyoyasema. Hizo zilikuwa za Mzee. Mimi niliongeza moja, ya kijinga, kwamba tasnifu isizidi kurasa themanini, kwa sababu mtahini wa nje alikuwa amelalamika na mimi malalamiko hunikosesha raha. Kwa hiyo nikawa mwindaji wa tanbihi, yale maelezo madogo yanayowekwa chini ya ukurasa. Nilizifuta kama mtu anayechambua mchele.

Neema alikuja wakati Mzee Katuramu ameshatangulia mbele ya haki na kaseti zimeshakufa, tunarekodi kwa simu. Alikuwa Mkongomani wa Kivu Kusini aliyeletwa Nakivale akiwa bado anatambaa. Mama yake, Mama Riziki, aliyeitwa hivyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliuza dagaa na mafuta ya mawese sokoni. Neema aliichagua historia mwenyewe, kwa kinywa chake, na hakuuliza darasa la biashara liko wapi. Alibishana nami kila wiki. Alibisha hadi nukta. Nilimpenda na nilimwogopa, maana mwanafunzi wa namna hiyo akikosa kazi ni mwalimu atakayelaumiwa.

Tasnifu yake ilihusu wanawake walioanzisha biashara pale sokoni, na katika sura ya tatu msimulizi alikuwa Mama Riziki. Alisema hivi kwenye rekodi ya simu: "Nilifika hapa na batoto bangu batano na sufuria moja." Neema akaandika kwa Kiingereza, watoto wangu watano na sufuria moja. Chini ya ukurasa akaweka tanbihi: mmoja wa watoto hawa ni wa marehemu dada wa msimulizi.

Mimi nikachukua penseli, nikaandika pembeni: "Ya nini? Mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Kila mtu anajua. Futa."

Kwetu Ankole ni hivyo, na kwao Kivu ni hivyo. Dada wa mama ni mama, na anayekuja kukuuliza tofauti amelelewa vibaya. Sikuona cha kueleza. Tena, nisiwafiche, ile tanbihi ilisukuma mstari mmoja hadi ukurasa wa themanini na moja. Neema akafuta. Hakubisha. Mtu anayebishania nukta akinyamaza, mwalimu mwenye akili husimama akauliza. Mimi nilishukuru tu kwamba kazi imeisha.

Tasnifu ikajalidiwa nakala nne. Moja ya Neema, moja yangu, moja ya maktaba, na ya nne, kama sharti lilivyokuwa, ikapelekwa kwenye ofisi iliyotupa kibali cha kufanya utafiti pale Nakivale.

Miezi michache baadaye Neema aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, tasnifu mkononi, kidole ndani ya ukurasa.

"Mwalimu, banaita mama intavyuu. Ile ya kwenda."

Nikampongeza. Akatikisa kichwa.

"Mu dosiye ya mama kumeandikwa batoto bane, na mutoto moja wa dada yake. Mu kitabu yangu anasema batoto bake batano. Na kitabu iko mu ofisi yao."

Dosiye ndilo jalada. Nikamwuliza huyo mtoto wa dada ni nani.

"Ni miye."

"Neema! Mbona hukuniambia?"

"Uliandika kila mutu anajua," akasema. "Nikawaza, basi na Mwalimu anajua."

Mama yake alikuwa amengojea safari ile tangu Neema hajasimama dede. Sasa ofisa akiisoma sura ya tatu, ataona mwanamke mmoja mwenye hesabu mbili za watoto, na mwenye hesabu mbili huitwa mwongo. Na aliyezifanya kuwa mbili ni mimi, kwa penseli, kwa ajili ya mstari mmoja.

Neema alitaka tuende tuuchane ule ukurasa. "Tutoe ile karatasi tu, Mwalimu. Nani ataona?" Nakiri kwamba nililifikiria jambo hilo kwa makini, hadi nikawaza ni wembe gani unafaa. Lakini nakala nyingine tatu zilikuwepo, na kitabu kilichochanwa huuliza maswali kuliko kitabu kizima. Nikaamua tuandike karatasi ya sahihisho yenye ile tanbihi, tuibandike mahali pake. Na kwa kuwa kanuni ni kanuni, lazima kwanza Mama Riziki asomewe.

Tulikwenda Alhamisi. Kutoka Isingiro tulipanda boda, na kila shimo barabarani nilishika mkoba kuhakikisha gundi haijamwagika. Mama Riziki alikuwa kwenye meza yake akipima dagaa. Nikamsomea: kati ya watoto watano waliotajwa, mmoja ni mtoto wa marehemu dada wa msimulizi.

Akapangusa mikono. "Rudiya."

Nikarudia.

"Nani alisema ile maneno? Ni miye?"

"Hapana, Mama. Ni maelezo ya Neema."

Akamgeukia. "Weye ndiye uliandika?"

"Ni juu ya dosiye, mama."

"Mu ofisi niliwaambia bane na moja, juu balikuwa banauliza nani alitoka mu tumbo yangu. Weye haukuniuliza tumbo. Uliniuliza nilifika na nani. Nikakujibu."

Mteja alikuja akataka dagaa. Mama Riziki akampimia, akaongeza kidogo juu, akamrudishia chenji. Sisi tulisimama kama watoto walioitwa ofisi ya mwalimu mkuu. Mteja alipokwenda, alisema bila kututazama, "Mubandike. Kama itatusaidia, mubandike. Lakini mungeniuliza mbele ya kuandika."

Ofisini tulimkuta karani, kijana mstaarabu kutoka upande wa Arua, Kinyankore hajui, Kiswahili chake kile cha kambi za jeshi. Nikamweleza kuwa tuna sahihisho dogo kwenye kitabu. Akafungua kabati, akakitoa kikiwa na vumbi lake lote, hata mgongo haujavunjika.

"Madam, hii kitabu hakuna mutu nasoma. Mimi naweka tu kwa kabati."

Nilifurahi na kuumia kwa pumzi moja. Kazi ya mwaka mzima ya mwanafunzi wangu bora, haijafunguliwa! Mtu mwenye busara angesema asante, akaaga, akapanda boda. Mimi nilikuwa nimekuja na gundi. Nikabandika. Karani akainama kuona ninabandika nini, akaisoma ile karatasi kwa sauti, polepole, neno kwa neno.

"Ah. Hii ni mambo ya familia," akasema. "Mambo ya familia lazima iende kwa faili. Mimi naandika barua kidogo tu."

Nikamwomba. Nikamwambia ni historia tu, si faili. Akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akaandika barua yake kidogo, akaipiga muhuri. Hesabu mbili ambazo hakuna aliyekuwa amezisoma sasa zilikuwa zinakwenda kwenye jalada la Mama Riziki. Hakufanya kosa lolote. Alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi nilivyofanya yangu. Neema alisimama mlangoni akitazama nje.

Intavyuu ilifanyika. Tukangoja miezi, na katika miezi hiyo nilijifunza kuogopa simu yangu mwenyewe. Kisha orodha ikatoka: Mama Riziki na watoto wanne. Kuhusu Neema kulikuwa na sentensi moja, kwamba dosiye yake itafuatiliwa peke yake.

Sababu haikuandikwa. Watu wanaojua mambo hayo waliniambia ni umri, kwamba mpwa aliyekwisha kuwa mtu mzima hutenganishwa, na kwamba hata bila barua ya karani ingekuwa vilevile. Mmoja aliniambia huenda barua yenyewe haikufunguliwa. Neema naye husema hivyo, na nadhani husema ili nilale. Nimeuliza kila niliyeweza kumwuliza. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kutafuta chanzo cha jambo, na la kwangu sina chanzo, wala sitakipata. Nawaambia ukweli, linaniuma hadi leo, na kustaafu hakujalipunguza. Kwa hiyo mnaposimamia tasnifu na mkaona maelezo ya jambo ambalo kila mtu analijua, mwulizeni kwanza mwandishi kwa nini ameliandika. Kurasa themanini na moja hazijamwua mtu.

Neema, kama mnavyojua, ndiye anayefundisha somo langu sasa. Hakuna aliyenilazimisha kumpendekeza, na yeyote anayedhani nilifanya hivyo kwa kujuta tu aende akamsikilize darasani. Dosiye yake bado inafuatiliwa. Mama yake hupiga simu Jumapili, na nikiwa karibu huniamkia pia, kwa sauti nzuri, jambo ambalo hunisumbua kuliko kama angenitukana.

Nilikwenda kuwaaga siku walipoondoka. Ilikuwa asubuhi, basi limesimama mbele ya ofisi, watu na mabegi yao, wengine wakiimba mapambio na kulia hapohapo. Ofisa alisoma majina. Alipofika kwao akasema, "Mama Riziki, watu watano." Watoto wanne wakapanda. Mama Riziki akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akasimama.

"Tuko sita," akasema.

"Mama, orodha inasema watano."

"Minasema tuko sita."

Ofisa alikuwa mvumilivu. Akamwonyesha karatasi. Akamweleza tena. Dereva akawasha injini, walio nyuma wakaanza kunung'unika, na mama yule hakupanda wala hakushuka. Nilijua kwamba asipopanda jina lake litapita, na majina yakipita hayarudi upesi. Nilitaka kusema kitu.

Neema ndiye aliyemwendea. Akamshika kiwiko, na kwa sauti ya kusikika akasema maneno ambayo, aliniambia baadaye, alikuwa hajawahi kuyatamka mbele ya mama yake.

"Panda, mama. Miye niko mutoto ya dada yako tu."

Mama Riziki alimpiga kofi la shavuni, mbele yetu sote.

"Usiseme tena ile maneno," akamwambia, akapanda.